Ngoma Iliyolala Kwenye Viazi

Mdogo wangu, ipo Jumamosi moja ya ukungu ambayo hunirudia kila ninaposikia ngoma ikipigwa, hata ya kanisani. Wakati ule ulikuwa bado shuleni Tandala, ukasikia tu kwamba timu yetu ya Kipupwe imepanda daraja na kwamba kaka yako alibebwa mabegani. Hayo ni kweli. Yaliyobaki hakuna aliyekusimulia, na kwa kuwa juzi wamekuchagua katibu wa mashabiki, kiti nilichokikalia mimi, naona bora uyasikie kutoka kwangu.

Najua nasaha hutolewa na wenye mvi. Mimi nina miaka ishirini na saba na cheti cha chuo ambacho bado kimo kwenye bahasha yake. Nivumilie. Wewe na mimi tumezaliwa na kichwa cha aina moja, kile kisicholala mpaka kipate jibu, na kikilikosa kinajitengenezea la kwake.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo, namsaidia shangazi kuuza viazi pale Makambako. Mashabiki wakanipa ukatibu kwa sababu nimesoma na simu yangu ina nafasi. Kazi yenyewe ilikuwa kuandikisha watu wa kupanda lori la Fuso kwenda Njombe kila timu inapocheza, na kusimamia grupu letu la simu. Wewe hujui raha ya lile Fuso. Mama Neema, mwenyekiti wetu, anasimama mbele na kipaza sauti, akina mama wanaimba, vijana wanapiga honi za plastiki, na nyuma kabisa Mzee Shabani ameikumbatia ngoma kubwa ya ngozi ya ng'ombe kama mtu aliyebeba mjukuu.

Mzee Shabani alitoka Kondoa zamani, akaendesha malori ya Tunduma mpaka magoti yakamchosha, kisha akafungua duka la matairi chakavu karibu na barabara kuu. Maneno yake machache. Lakini akishika vijiti, uwanja mzima unakaa sawa. Hata mabeki walisema wakisikia ngoma ile wanapanda juu bila kuambiwa na kocha.

Sasa mimi nikaanza kumwangalia.

Kila tukifika Njombe, watu wakishuka na kupanga mstari getini, Mzee Shabani alitoweka na ngoma. Saa nzima haonekani. Anarudi timu zikipasha misuli, nguo zake zinanuka moshi. Ukimwambia, "Mzee tulikutafuta," anasema, "Nilikuwa naitengeneza," basi. Kuitengeneza nini? Ngoma haikuwa na tundu. Nikaanza kuhesabu: mechi ya kwanza katoweka, ya pili katoweka, ya tatu katoweka.

Halafu ikaja mechi ya mwisho kabla ya ile ya kuamua. Tulikuwa tunaongoza. Wakati wa mapumziko mtu mmoja aliyevaa traksuti ya timu ngeni akavuka upande wetu, akainama, akamnong'oneza Mzee Shabani sikioni. Mzee akaviweka vijiti chini. Kipindi cha pili chote hakupiga hata mara moja. Jukwaa likapoa, wale wakasawazisha, tukatoka sare. Ikabidi tushinde Jumamosi inayofuata ndipo tupande.

Mimi habari za dawa za uwanjani siziamini. Niliamini kitu kilichoonekana cha kisomi zaidi: kwamba mzee amenunuliwa. Siku nne nilizunguka na jambo hilo kama jiwe kwenye kiatu. Alhamisi nikaandika kwenye grupu: "Ndugu wanakamati na mashabiki, nauliza tu. Mzee wetu huwa anaenda wapi na ngoma kabla ya mechi? Na yule wa traksuti alimwambia nini? Nauliza tu."

Mdogo wangu, ogopa sana maneno hayo mawili. Anayesema anauliza tu mara nyingi ameshajibu, anatafuta wa kumsaidia kubeba.

Majibu yalishuka kama mvua. "Katibu umeona mbali." "Mimi zamani nilisema, yule si mtu wa huku." Miaka thelathini Makambako, watoto wake wamesoma na sisi, leo si mtu wa huku! Mwingine akaandika kwamba moshi ule si wa bure. Kijana mmoja tu, fundi wa pikipiki, alituma sauti akicheka: "Mwacheni mzee wa watu, labda anavuta sigara anamficha mkewe!" Hakuna aliyemjibu. Mama Neema akafunga mjadala: "Ngoma ichukuliwe. Mzee apumzike, tutaongea baada ya mechi." Na kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa na mamlaka ya grupu, kidole kilichomtoa humo kilikuwa changu.

Ijumaa nikaenda na wenzangu wawili dukani kwake. Alikuwa anaziba tairi. Ngoma ilining'inia ukutani, juu ya jiko alilokuwa akichemshia chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnaipeleka wapi?"

"Kamati imeamua."

Akatutazama mmoja mmoja, akaishusha yeye mwenyewe. "Haya. Msiilaze chini."

Basi kauli hiyo nayo nikaipeleka nyumbani nikaichambua. Kwa nini isilazwe chini? Ameweka nini ndani? Mimi niliyejisifu kwamba siamini dawa, nikaitikisa ile ngoma sikioni kama mtu anayechagua nazi. Kisha, ili nisionekane namtii, nikailaza chini makusudi, kwenye sakafu ya saruji ya stoo ya shangazi, katikati ya magunia ya viazi vilivyotoka shambani na udongo wake mbichi.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito mpaka Fuso likawasha taa mchana. Mechi ilipangwa saa nane. Jukwaa letu lilijaa, watu wamejifunga bendera juu ya makoti, Mama Neema ameshaanza kukauka sauti. Nikakabidhiwa vijiti mimi, kwa heshima ya aliyegundua. Timu zikatoka. Nikanyanyua mikono, nikapiga.

Pu.

Nikapiga tena kwa nguvu. Pu. Kama mtu anapiga gunia la unga. Ngozi ililegea, katikati imebonyea. Akina mama wakaanza wimbo, wakakosa pa kuushikia, kila upande ukaimba kwa mwendo wake. Mashabiki wa wageni walikuwa karibu, nao hawakutuonea huruma.

"Nyie Makambako, hiyo ngoma ina mafua!"

"Mpelekeeni chai ya tangawizi!"

"Au mmeleta godoro?"

Watu wetu wakaanza kunong'ona. Unajua walinong'ona nini? Kwamba mzee ameifunga ngoma kabla hajaitoa. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona faraja kusikia hivyo. Dakika ya thelathini tukafungwa goli.

Mapumziko yalipofika nilimwona Mzee Shabani. Alikuwa amekata tiketi yake, akakaa upande wa pili na watu wasio na timu. Akazunguka uwanja taratibu kwa yale magoti yake, akaja mpaka mbele yangu. Akaibonyeza ngozi kwa dole gumba, ikaingia ndani kama donge la unga wa chapati.

"Imelala wapi?"

"Stoo. Kwenye viazi."

"Chini?"

Akaibeba akatoka getini. Nikamfuata. Nisikudanganye, sikumfuata kumsaidia. Nilimfuata kumlinda asije akaifanya kitu.

Nje ya geti wanakaa wanawake wanaochoma mahindi. Mmoja alipomwona akasogeza mahindi yake pembeni bila kuulizwa, akasema, "Baba, leo umechelewa, nilidhani unaumwa." Mzee akachuchumaa kwa shida, akaiinamisha ngoma juu ya mkaa, akawa anaizungusha polepole na kuigonga kwa kidole. Ndipo nilipoelewa moshi ulitoka wapi. Ngozi inakunywa unyevu, na ukungu wa Njombe ni maji yanayotembea. Kila mechi mzee huyu alikuwa akichuchumaa hapa, mbele ya wapita njia wote, kuikausha.

Ungedhani nilitosheka. Nikauliza, "Na yule wa traksuti?"

Hakuinua macho kwenye mkaa. "Dereva wa basi lao. Tuliendesha pamoja. Alikuja kunipa habari ya msiba, mwenzetu wa tatu amefariki. Mikono ilikataa."

Akaendelea kuizungusha.

"Maneno yako niliyasoma kabla hujanitoa. Mule kwenye grupu mna watu mia mbili, mwanangu. Uliwauliza wote mia mbili. Mimi hukuniuliza."

Sauti yake haikupanda. Laiti angenitukana. Aliigonga ngoma mara ya mwisho, ikaitika ndu, kifua changu kikatetemeka. Akanikabidhi.

"Twende ukapige wewe mzee," nikamwambia.

"Walionitoa hawajaniita. Wewe nenda, watoto wanacheza."

Nikarudi mbio. Kipindi cha pili kilikuwa kimeshaanza; niliipiga ngoma ile mpaka viganja vikachubuka, na jukwaa likawaka. Sijawahi kuona watu wazima wakiruka vile kwenye baridi ile. Goli la kwanza lilitoka kwenye kona, la pili dakika za mwisho kabisa, na filimbi ilipolia watu walivunja uzio wa kamba wakaingia uwanjani. Mama Neema aliwamwagia wachezaji unga wa sembe vichwani. Golikipa alilia. Mimi nikanyanyuliwa mabegani, wanaimba, "Katibu kaifungua ngoma! Katibu kaifungua!"

Hapo ndipo lilipo kosa langu kubwa, kubwa kuliko lile la Alhamisi. Pale juu mabegani nilikuwa na pumzi ya kusema jina la mtu mmoja. Sikusema. Niliogopa kuharibu furaha, nikajiambia nitasema kwenye gari. Kwenye gari nikajiambia nitasema tukifika. Tuliingia Makambako jua bado lipo, magari yamefungwa matawi ya miti, bodaboda wanapiga honi, watu wametoka madukani wanapunga vitenge. Tukapita duka la matairi. Alikuwa ametangulia na Hiace, amesimama mlangoni, anatupigia makofi kama wengine wote. Mimi nikatazama upande wa pili wa barabara.

Jumatatu nikaandika ukweli wote kwenye grupu. Mkaa, ukungu, msiba, ngoma kulazwa chini. Nilidhani nikiandika vizuri mambo yatarudi. Sikiliza walivyojibu: "Kumbe aliichoma dawa nusu ya pili!" "Ndiyo maana magoli yalitoka ghafla." "Katibu naye kashapakwa dawa." Ushahidi niliouleta wa kumsafisha wakaufanya wa kumchafua. Nilikuwa nimewafundisha kutazama kwa jicho lile, na sikuwa na namna ya kulirudisha. Mama Neema peke yake alifunga duka lake akaenda kwa mzee na kilo ya sukari, akaomba radhi kwa niaba yake mwenyewe, si ya kamati, maana kamati iligoma.

Msimu mpya ulipoanza nikaomba kitu kimoja: ngoma nikae nayo mimi. Nimeitundika juu, mbali na viazi. Siku ya mechi nakwenda kwa yule mama wa mahindi mapema, wakati watu wamejaa getini, ili kila mtu aone. Wanaopita huuliza, "Unaroga nini hapo?" Najibu, "Nakausha ngozi. Amenifundisha Mzee Shabani." Wengine hucheka. Wengine, naona machoni, hawaamini. Wachache siku hizi husimama wakatazama, wakamuulizia mzee hali yake.

Mechi ya tatu nilikuwa naizungusha nikaona magoti ninayoyafahamu yamesimama mbele ya mkaa. Alikuwa Mzee Shabani.

"Isogeze juu, utaiunguza."

Nikaisogeza. Swali lilikuwa limenikaa kooni miezi. Nilikuwa nimeshalizungusha kichwani usiku na mchana: amenisamehe, hajanisamehe, alipiga makofi kwa nini, alikata tiketi kwa nini. Safari hii sikumuuliza mtu mwingine.

"Mzee, umenisamehe?"

Akaigonga ngozi kwa kidole, akasikiliza. "Bado," akasema. "Lakini leo umeniuliza mimi."

Akaenda kukaa upande wake wa uwanja. Ndipo anapokaa mpaka leo.

Basi, mdogo wangu, kalamu ya ukatibu ni yako sasa, na grupu ni lako. Kichwa chako kitakuletea mashaka. Hilo huwezi kulizuia, na mengine yatakuwa ya kweli. Likikujia la kumhusu mtu, funga simu, vaa koti, nenda mpaka mlangoni kwake, msalimie, muulize yeye kwanza. Ukikuta umekosea, sema siku hiyohiyo, pale pale watu walipokusanyika, hata kama wanakubeba mabegani. Na ukimwona mzee amekaa upande wa watu wasio na timu, mpelekee hindi la kuchoma. Mwambie wewe ni mdogo wangu, usimfiche.

Mungu akupe masikio kabla ya kidole, akulinde na raha ya kuaminiwa upesi, na timu yetu isishuke mikononi mwako. Siku ambayo kamati itakwenda kumwita, naomba uwe wewe unayetangulia mbele, na mimi nitaibeba ngoma nyuma yako.