Kupido wa Chemchem

Mpiga picha wetu wa mtaa wa Chemchem ana pazia lililochorwa Zuhura, mungu wa mapenzi wa Warumi, akitoka kwenye kombe la bahari, na mwanawe Kupido mwenye upinde, uchi wa mnyama. Bahati ya Kupido ni kwamba yeye ni mungu. Angekuwa binadamu angekwisha kukamatwa kwa uzururaji, akapelekwa kulima tumbaku mashambani Goweko. Upepo ukipuliza pazia, mama na mwana huelea. Kila asubuhi mzee mpiga picha hutia rangi ya manjano kwenye ncha ya mshale, maana mshale wa Kupido ukiwa wa dhahabu huwasha mapenzi, na ukiwa wa madini ya risasi huleta chuki, kisha husogeza benchi mpaka mshale umwelekee yule anayesitasita. Vidole vyake hunuka dawa za kusafishia picha, na sauti yake ni ya mtu anayembembeleza mtoto alale.

Juzi alikaa Abasi pale, na ubavuni mwake Swaumu, ambaye kesho yake wazazi wake walikuwa wanahamia naye kijiji cha ujamaa. Abasi alikuwa hajatamka posa. Mzee akajifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera, akakaa humo, akakaa.

"Mzee, piga basi," Abasi akasema.

"Bado, mwanangu. Hujatulia."

Vumbi likaogelea kwenye mwanga. Swaumu akatazama viganja vyake.

"Nitamtuma mjomba alete posa kwenu," Abasi akamwambia, polepole kama anayeota.

Kamera ikalia.

"Picha tuifuate lini, mzee?"

"Filamu hamna mji mzima tangu Mfungo Mosi," akajibu, akikunja kitambaa. "Lakini mimi na huyu binti tumekusikia."