Dizeli Aliyoipitisha Bisibisi

Kwa miaka thelathini na minne, ilikuwa nadra mtu wa mtaa ule kununua gari bila kulipitisha kwanza mikononi mwa Bisibisi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vitambulisho. Hili la Bisibisi watu walimpa kwa sababu ya mtindo wake wa kazi: huchukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Akifumbua, amekwisha jua. "Nozeli ya tatu imechoka," atasema, na ikifunguliwa ni ya tatu kweli, si ya pili wala ya nne. Hakuwa mtu wa maneno mengi na hakuwahi kula cha mtu. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye yalisemwa mengine.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja hata kwa rafiki: gari la familia halipimwi tupu. Gari tupu, alikuwa akisema, lina adabu kama mchumba anayekuja kujitambulisha. Tabia yake utaijua likishabeba mzigo. Kwa hiyo alijaza watu wanne, akatupia mifuko miwili ya saruji kwenye buti, akalipandisha mlima mpaka kwenye tangi la maji. Majirani waligombea kuwa mzigo. Akipiga honi langoni na kuuliza saruji zake za miguu miwili ziko wapi, watu walitoka majumbani mwao wakicheka.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa mpima viwanja. Maisha yake yote alikuwa ameendesha petroli, vigari vidogo vyepesi vya kijana. Alipopata mtoto wa pili, mkewe akataka milango minne na buti la maana. Yeye akataka gari ambalo likikanyagwa linajibu. Akayapata mawili kwa muuzaji mmoja: ya aina moja, mwaka mmoja, rangi moja ya kijivu, yamelalia barabara kwa matairi mapana, viti vinakumbatia mbavu. Nje hungeyatofautisha. Ndani, moja lilikuwa la petroli na jingine la dizeli, yote yana turbo, feni ya kuisukumia injini hewa. Jumamosi asubuhi akayaleta yote mawili gerejini, akamwambia shemeji yake kwamba atachukua lile atakaloambiwa achukue.

Mizigo ya siku hiyo ilikuwa ya nyumbani. Shemeji alikaa mbele. Nyuma walikaa mkewe, jirani mmoja mnene aliyejitolea kwa moyo safi, na mke wa Bisibisi mwenyewe, mwalimu wa sekondari, ambaye hata mumewe alimwita Mwalimu.

Petroli ilitangulia. Ilikuwa injini ya majivuno. Chini ya mizunguko elfu tatu ilijivutavuta kama mtu aliyeamshwa kwa lazima. Ikipita hapo, inachomoka. Kwenye tambarare iliwabandika wote vitini, na shemeji akacheka peke yake kama mtoto. Mlima ulipoanza, saruji na jirani wakajitambulisha. Bisibisi alirudi gia ya tatu, akarudi ya pili, injini ikapaza sauti mpaka elfu sita na mazungumzo ya nyuma yakakatika. Ilipanda, hakuna ubishi. Lakini walipofika kwenye tangi alisema kwamba gari hili kwa kila kilima litadai mafuta ya vilima viwili.

Dizeli ilipowashwa iligonga kama kokoto kwenye debe, kisha ikatulia. Haikuchomoka popote. Ilivuta. Kwenye elfu mbili tu ilikusanya nguvu zake zote, ikaupanda mlima kwa gia ya nne bila kuhema, na jirani akaendelea na habari yake ya kesi ya mpaka wa kiwanja kana kwamba wako sebuleni. Ukiilazimisha kupita elfu nne inakata pumzi. Lakini mwenye watoto wawili nyuma, Bisibisi alimweleza shemeji yake, elfu nne anazitafutia nini? Kiganja chake kilikuwa juu ya kirungu cha gia, kikipokea mtetemo. Mtetemo ulikuwa mzuri.

Hapo ndipo alipoona kwenye kioo midomo ya mkewe ikimuuliza jambo. Aliona, hakusikia. Alisoma neno moja tu: mluzi.

Ilikuwa mwaka wa tatu tangu sauti nyembamba zimhame. Alianza ndege wa alfajiri, ikafuata simu, ikafuata birika. Mingurumo ilibaki, na migongano ya vyuma ilibaki, na iliyofifia bisibisi ilimletea kupitia mfupa. Zile nyembamba hazikupita sikioni wala mfupani. Hakumwambia mtu. Fundi wa vyuma akisema hasikii, nani atamwachia ufunguo? Mwalimu alijua bila kuambiwa. Alipaza sauti nyumbani na kuishusha mbele ya wageni. Alipokea simu za wateja akisema mzee yuko chini ya gari. Walifanya hivyo kwa ustadi, kama watu wawili wanaobeba kabati na hakuna anayesema linalemea.

"Turbo zote hupiga mluzi," Bisibisi akajibu.

Ni kweli, na ubaya wake ulikuwa hapo. Turbo nzima hupiga mluzi mguu ukikanyaga, na hunyamaza mguu ukiinuka. Hii ililia kama msumeno, na mguu ulipoinuka iliendelea kulia. Mwalimu aliangalia nje ya dirisha. Mdogo wake alikuwa mbele yake, anaweza kumgusa bega.

Gerejini, Bisibisi aliigusisha bisibisi kwenye turbo, akafumba macho. Mpini ulitetemeka sawasawa. Alifumba muda mrefu kuliko kawaida yake, mpaka jirani akatania kwamba mzee amesinzia. Alipofumbua akasema, "Chukua dizeli."

Wiki ya tano tangu kulinunua, kwenye mteremko mrefu wa upande wa pili wa mji, mpima viwanja akiwa na mkewe na watoto, injini ilianza kupanda mizunguko yenyewe. Beringi ya turbo ilikuwa imekatika, na oili ilikuwa inafyonzwa kuingia kwenye injini. Hapa ndipo petroli na dizeli zinapoachana kabisa. Petroli ukizima ufunguo unaiondolea cheche, inakufa. Dizeli haina cheche. Huwaka kwa kubanwa tu, na chochote kinachoungua kikiingia, inakila. Ile ilikuwa inakula oili yake yenyewe. Alizima ufunguo. Haikuzima. Alilipeleka gari ubavuni mwa barabara klachi ikiwa chini, akavuta breki ya mkono, akawatoa watoto na mama yao wakakimbilia ng'ambo, moshi mweupe umefunika kila kitu. Angeingiza gia ya juu akasimamia breki kwa miguu yote miwili, ingenyongeka. Mtu wa petroli hajui hilo, na hakuna aliyekuwa amemfundisha. Alifungua boneti ili ang'oe waya wowote atakaouona. Chuma kikatoboa ubavu wa injini na oili inayochemka ikafuata.

Walimwokoa. Jicho la kulia, lile la kuchungulia darubini ya kazi yake, halikuokoka, na mkono wa kuandikia uliungua mpaka kwenye kiwiko.

Haikupita wiki mji ukawa na jibu. Dizeli ile, walisema, ilikuwa imemkalia muuzaji tangu mwaka uliopita, mzee amelainishwa aipitishe. Mama mmoja alikuja kuchukua gari lake lililokuwa kwenye foleni, akasema amepata dharura. Kinyozi wa mtaa wa pili alisikika akisema kumbe hata Bisibisi ana bei.

Bisibisi alikwenda hospitali peke yake. Shemeji yake alikuwa amefungwa bendeji nusu ya uso, na midomo ilionekana vizuri.

"Shemeji, alikupa ngapi?"

Aliuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kujua saa.

"Hakunipa kitu."

"Basi ulisikia nini?"

Fundi yeyote angeweza kuapa kwamba turbo hufa ghafla, na hakuna wa kumpinga. Bisibisi alianza kusema hivyo hivyo, akaacha. Aliinuka, akarudi nyumbani kwa miguu.

Mwalimu alikuwa mezani anasahihisha. Bisibisi alisimama mbele yake mpaka alipoinua uso.

"Wewe ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema nini? Kwamba mume wangu hasikii, mbele ya mke wa mdogo wangu na jirani?"

Mwalimu akaendelea, na mwanzoni alisema lile ambalo watu wengi wenye heshima wangesema: litapita, watachoka, chuma ni chuma. Bisibisi alimwambia kwamba wanachosema mjini ni kuwa amemuuza ndugu wa mkewe. Mwalimu akaiweka kalamu chini. Kisha akasema uziwi umemfika mtu, hakuutafuta; lakini wizi utafuata wajukuu mpaka shuleni.

Siku iliyofuata alimpeleka kupimwa masikio. Karatasi ya daktari ilikuwa na mstari unaoshuka upande wa kulia, ule wa sauti nyembamba, kama bonde. Jioni wakakaa kuandika tangazo. Bisibisi alitaka iandikwe kwamba siku hizi hasikii vizuri. Mwalimu akamuuliza siku hizi ni tangu lini. Akasema miaka mitatu. Basi ikaandikwa miaka mitatu, ingawa wote wawili walijua maana yake: kila gari aliloligusa katika muda huo, kila mtu aliyelala usingizi kwa neno lake.

Tangazo lilisema hivi, kwa mwandiko ulionyooka: "Mwenye gereji hii hasikii sauti nyembamba kwa miaka mitatu sasa. Dizeli ya shemeji yake aliipitisha bila kusikia kasoro yake. Hakupewa kitu na mtu yeyote. Kila gari alilopitisha katika muda huo likaguliwe upya na fundi mwingine." Chini yake Mwalimu aliongeza mstari mmoja bila kuuliza: "Mke wake alijua."

"Huo ufute," Bisibisi akasema.

"Haufutiki."

Walilibandika langoni pamoja na karatasi ya daktari. Nakala ilipelekwa hospitali, na mke wa mpima viwanja akamsomea mumewe kwa sauti. Kwenye mstari wa mwisho alimzuia mkewe kwa ule mkono mzima.

"Dada naye?"

Akageukia ukutani. Mpaka leo hajakanyaga nyumbani kwa dada yake, na watoto wake wakikutana na shangazi yao njiani husalimia kwa heshima, kisha wanapita.

Neno mwizi halikutamkwa tena. Watu walikuja, wakasimama langoni, wakasoma wakifuata mstari kwa kidole, na baadhi walimpa Bisibisi mkono. Halafu wakaondoa magari yao. Kufikia Ijumaa lilikuwa limebaki moja, limefunguliwa nusu. Mwenyewe alikuja na fundi mwingine na kamba. Alikuwa mtu mwenye haya, alizungukazunguka akitafuta namna ya kuomba radhi. Bisibisi alizifunga boliti zote kwenye mfuko na kuziweka kiti cha mbele, akamwambia aache gia huru, akainama nyuma ya buti, akalisukuma mpaka barabarani.