Theluji ya Uongo

Mume wangu Turdakun humshuku hata paka wetu. Amechunga farasi miaka arobaini, na tangu magoti yalipomgomea huchora milima ya majira ya baridi kwenye mbao. Theluji tupu, hakuna mtu.

Novemba alikuja mwanamke wa mjini, viatu vyake si vya huku kwetu. Alitaka achorewe mlima ulio nyuma ya kijiji chetu, Kara-Tor, kama unavyokuwa Januari.

"Kwa nini huo?" Turdakun akauliza.

"Naupenda tu, baba."

Alipoondoka, mume wangu akatia komeo. "Umesikia? Anaupenda tu! Katumwa huyo, Kalipa."

"Na nani, wewe?"

"Wenye makundi makubwa. Wanataka kujua farasi wetu wanakula wapi."

Nilicheka, lakini kidogo. Mlima ule una ubavu mmoja unaofagiliwa na upepo, nyasi zikabaki wazi hata kwingine theluji ikifika kiunoni. Farasi wetu kumi na mmoja huponea hapo. Akijua mwenye farasi mia tatu, tumekwisha.

Basi akachora uongo. Ubavu wetu akaupaka theluji nene, nyeupe pe, na nyasi akazihamishia upande wa majabali. Picha ilikuwa nzuri, na iliniudhi.

Mwanamke aliporudi aliitazama muda mrefu. Turdakun alimtazama yeye.

"Hapa pana kosa," mwanamke akasema, kidole kwenye ubavu wetu. "Hapa theluji haikai."

Mume wangu akanikonyeza: si nilikwambia? Kisha akafoka, "Nani kakufundisha hayo?"

"Baba yangu, Omurzak."

Nilikaa chini. Omurzak alichunga na Turdakun miaka tisa, mpaka theluji ilipoporomoka ikamfukia. Mjane wake alihamia mjini na binti wa miaka sita.

"Alisema ni siri yenu wawili, nisimwambie mtu," binti akasema. "Sijamwambia. Nilitaka tu kupaona alipokuwa anakwenda."

Nikamsogezea binti mkate. Akamega kipande, kwani mgeni haondoki nyumbani bila kuonja, akakitafuna huku machozi yakimtoka. Picha akaiacha mezani, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa, Turdakun alichukua kisu akaanza kuikwangua ile theluji.

"Acha kisu!" nikampigia kelele. "Mtoto katunza siri yako miaka ishirini na miwili. Vaa koti, mfuate!"

Akatoka bila koti.