Fundi wa Malaba na Land Rover inayosubiri sikio la mama mkwe

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Austin Eriaku anaegesha Land Rover kuukuu nje ya ua wa michongoma katika kijiji kimoja cha Busibwabo, Kaunti ya Busia. Haingii ndani. Anafungua boneti, anagusa hiki na kile, kisha anarudi kwenye usukani na kukanyaga mafuta taratibu.

Upande wa pili wa ua, hatua kama ishirini hivi, mama mzee wa miaka 81 ameketi kwenye kiti cha plastiki. Ameligeuzia gari mgongo na kuelekeza sikio la kulia kwenye michongoma. Amefumba macho kama mtu aliye kanisani.

Injini inanguruma dakika mbili. Mama anatikisa kichwa, anasema maneno machache kwa Kikhayo, na binti yake Nerima anatembea hadi langoni kumpelekea mumewe jibu.

"Amesema bado," Nerima anamwambia. "Anasema ni gari mzuri, lakini si ya baba."

Eriaku anazima injini. Hii ni mara ya nne anaambiwa bado.

Mama huyo ni Anjelina Nabwire, mama mkwe wake. Huku mpakani, kwa Wakhayo na kwa Wateso vilevile, mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono wala hawali pamoja. Eriaku, Mteso wa Malaba, alimwoa Nerima miaka kumi na saba iliyopita, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuzungumza na mama mkwe wake ana kwa ana. Kila neno hupita kwa Nerima.

Ndiyo maana fundi huyu mwenye vipimo vya kila aina karakanani analazimika kukipima kitu cha mwisho, sauti ya gari, kwa sikio la mtu aliyempa mgongo.

Na sikio lenyewe halina muda. La kushoto lilishaziba. La kulia, daktari aliwaambia mwezi Februari, linakwenda, na huenda mwaka usiishe kabla halijanyamaza. Mama alijaribishwa kifaa cha kusaidia kusikia akakirudisha siku hiyo hiyo. Alisema kila kitu kilikuwa kama redio isiyoshika stesheni.

"Mimi sina shida na kazi," anasema Eriaku, mwenye umri wa miaka 45. "Shida yangu ni hiyo sikio. Nikichelewa, nitakuwa nimetengenezea nani?"

Siku za kazi utampata Malaba, nyuma ya maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Huchomelea trela, hukaza springi, hunyoosha vyuma vilivyopindwa na barabara. Siku nzuri hutia mfukoni shilingi elfu mbili, siku mbaya hurudi nyumbani na jasho lake.

Nyuma ya banda lake kumejaa vyuma vya aina nyingine: lori aina ya Bedford lililowahi kubeba wanajeshi, tela la maji la jeshi, na viti vya chuma ambavyo hata yeye hajui vilitoka gari gani. Madereva wa malori humtania hawachoki.

"Boss, hii vita yako ni na nani?" mmoja anamuuliza siku tuliyomtembelea. "Tuambie mapema tuvuke."

Eriaku hucheka. Wengine hufuga kuku, anasema, yeye anafuga magari ya jeshi. Na madereva hao hao wanaomcheka ndio wanaomletea habari kwamba kuna kabureta imeonekana Tororo, au gia iliyolala kwenye banda fulani Jinja.

Mapenzi hayo yalianza mwaka 2008, siku alipokodiwa kuikatakata Bedford hiyo iuzwe kwa kilo. Alikuwa ameshawasha moto wa gesi alipoona maandishi ndani ya mlango, yamekwaruzwa kwa ncha ya msumari. Yalikuwa majina matatu ya watu, na chini yake mwaka 1974.

"Nikajiuliza, hawa vijana walikuwa wanaenda wapi? Walirudi?" anasema. "Nikazima moto. Nikamwambia mwenye gari, usinilipe, acha mimi nikulipe pole pole."

Alilipa kwa miezi kumi na minne. Nerima anakumbuka kipindi hicho bila tabasamu, kwa kuwa ndicho alichokuwa ananyonyesha mtoto wao wa kwanza. "Nilifikiri nimeolewa na mwendawazimu," anasema. "Halafu nikaona jinsi alikuwa anapanguza ile mlango. Nikasema, basi, wacha tu."

Land Rover ni habari nyingine. Ilikuwa mali ya baba mkwe wake, marehemu Mzee Okwara, aliyekuwa dereva jeshini. Alipostaafu aliinunua kwenye mnada wa magari yaliyochoka, akarudi nayo nyumbani mwaka 1986. Kwa miaka ishirini na mitatu alilitumia kubebea pamba, mahindi, maiti, maharusi na wajawazito. Nerima mwenyewe, kitinda mimba, alizaliwa katika hospitali ya Nangina baada ya mama yake kukimbizwa huko na gari hilo.

Mzee alifariki mwaka 2009. Gari likabaki kando ya ghala, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva.

Kuliomba halikuwa jambo dogo. Mkwe hupeleka, hachukui. Mwanamume anayetoka ukweni akiburura gari la marehemu hupewa majina. Eriaku alimeza mate miaka kumi kabla ya kumtuma Nerima. Jibu la mama lilikuja na sharti: alichukue, lakini alirudishe likiwa linaongea.

Basi akaliongelesha. Aliishusha injini mara mbili, akatafuta giaboksi kwa shilingi 38,000, akabadilisha sakafu yote iliyoliwa na kutu. Hakulipaka rangi ya jeshi asije akasumbuliwa barabarani. Amelipaka rangi ya maziwa, lakini vingine vyote, hadi vishikizo vya turubai, ni kama vilivyokuwa siku lilipotoka kambini. Hiyo ndiyo sheria yake kwa kila gari analoligusa: lirudi kama jeshi lilivyolijua.

Sheria hiyo ndiyo iliyomponza.

Jumamosi ile ya kuambiwa bado, wakiwa njiani kurudi Malaba, Nerima alikumbuka neno ambalo hakulifikisha kwa sababu aliliona la kizee. Mama alikuwa amesema gari la baba lilikuwa na kitu kinacheza tumboni.

Eriaku alisimamisha gari pembeni mwa barabara.

"Nilijua hapo hapo," anasimulia. "Siku ya kwanza nililala chini yake nikapata mkebe umefungwa kwa ekzosi na waya. Mkebe ya mafuta ya kupika, imepasuliwa ikazungushwa. Nilidhani ni takataka. Nilikata nikatupa. Kumbe nimetupa mzee."

Mzee Okwara alikuwa ameziba tundu la bomba la moshi kwa mkebe, na kwa miaka yote mkebe ule ulikuwa ukitetemeka ukilia kila alipokanyaga mafuta. Jeshi halikuujua mkebe huo. Mama Anjelina aliujua kuliko kengele ya kanisa.

Lakini siku hizi mafuta ya kupikia huja kwenye plastiki. Mikebe ya zamani ya kilo mbili imebaki sokoni, kwa wauza nafaka, ambao huiita gorogoro na kupimia mahindi. Na muuza nafaka haachi gorogoro yake hivi hivi. Watatu walimfukuza. Wa nne, Mama Anyait, alimpa bei ya mpya na kicheko juu.

"Chini ilikuwa imebonyea, wateja wanasema nawaibia," anasema mama huyo. "Nikamwambia, chukua, hata umenisaidia. Lakini mtu mzima kununua gorogoro aifunge kwa gari? Nilimuonea bibi yake huruma."

Kazi iliyokuwa ngumu zaidi ilibaki. Bomba la moshi alilokuwa ameliweka lilikuwa jipya, limetengenezwa kwa kipimo, na alikuwa akijivunia viungo vyake vilivyonyooka. Eriaku alichukua drili akalitoboa. Kisha akaipasua gorogoro, akaizungusha kwenye tundu na kuikaza kwa waya, ila si sana, ili ipate kucheza.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tena nje ya michongoma. Mama Anjelina akawekewa kiti chake, akageuka, akafumba macho. Eriaku akawasha.

Safari hii sauti ilikuwa mbaya. Mwenye gari zuri angeona aibu. Kulikuwa na mtikisiko wa bati chini chini, unaopanda na kushuka.

Mama hakutikisa kichwa. Aliinuka akaingia jikoni. Nerima akabaki amesimama katikati ya uwanja bila jibu la kupeleka, na mumewe nje akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

Dakika zikapita. Nerima akamfuata mama yake, akamkuta amechochea moto na kuteleka sufuria kubwa ya maji.

"Nikamuuliza, mama, haya maji ni ya nini?" Nerima anasimulia. "Akaniambia, mimi nikisikia hiyo gari kwa njia panda, naweka maji ya baba yako ya kuoga. Akaniangalia. Akasema, najua alienda. Lakini nilikuwa nimeshaweka kabla ya kufikiria."

Maji yalipopata moto, mama hakuyamwaga. Aliyamimina kiasi kwenye karai, akatia kipande cha sabuni pembeni, na kumwambia binti yake ampelekee aliyeleta gari. Mikono ya fundi huwa michafu, alisema.

Eriaku alinawia nje ya ua, gari likiendelea kunguruma kando yake. Alinawa mikono hadi viwikoni, kisha uso, na uso akaunawa mara nyingi kuliko ulivyohitaji.

Alipojifuta alitueleza mpango wake. Mwezi ujao anataka kumpeleka mama Nangina, apaone alipojifungulia kitinda mimba wake, na asikilize gari njia nzima, kwenda na kurudi. Wazee wa ukoo wameulizwa. Wamekubali, mradi mama akae nyuma na binti yake, na turubai ishushwe katikati. Eriaku ameshaishona turubai hiyo mwenyewe.

"Sitageuka," anasema. "Yeye asikie, mimi niendeshe. Hiyo mila haijakataza."

Kisha akanyoosha mkono dirishani kuzima injini, kwa kuwa petroli iliyokuwemo ilikuwa ya kumrudisha Malaba tu. Nerima alikuwa amesimama naye pale, ameshika karai. Sauti ya mama Anjelina ikatoka ndani ya ua, kwa Kiswahili, kubwa kama ya watu wanaoanza kutosikia.

"Mwambie asizime."

Ujumbe huo haukuhitaji mtu wa kuupeleka; ulikuwa umemfikia mwenyewe. Eriaku akaurudisha mkono wake, akaiacha petroli iungue.