Bibi alikuwa anavaa hearing aid Jumapili tu, na aliyeharibu ni mimi

Wakuu, nawasalimu nikiwa kwenye sofa langu hapa Whitehall, Columbus, huku Marekani. Wanaonijua wanajua sitoki ndani bila sababu ya mshahara, kwa hiyo msitegemee safari wala vituko. Hiki ninachowaletea kilinitokea kazini, mwaka 2015. Nilichobadilisha ni majina tu.

Kwanza niondoe utata. Kwetu Kigoma wanaamini mimi ni daktari wa masikio. Nimekanusha mpaka nimechoka, mama yangu hataki kusikia.

Ukweli ni huu: nina form four yangu, nilipakia maboksi Louisville mpaka mgongo ukakataa, nikahamia huku, na hospitali moja ikanifundisha kazi ya audiology assistant. Audiologist, ambaye sisi tunamwita daktari, ndiye anayepima masikio na kuamua. Mimi nawakalisha wagonjwa kwenye chumba kisichopitisha sauti, nawavisha headphones, na kusafisha nta kwenye hearing aid zao, vile vifaa vya sikioni vya kusaidia kusikia.

Ndiyo, nta. Tangu hapo asali nakula nimefumba macho.

Na wakija Wakongo, kwa sababu ya Kiswahili, kazi ya kuwaelekeza natupiwa mimi.

Basi akaja bibi mmoja mtu wa Uvira, nimwite Mama Neema. Alikuwa anakaa Reynoldsburg na binti yake, huyo Neema. Binti anashinda kazini kwenye warehouse, bibi anashinda na mjukuu wa miezi minane.

Shida ni kwamba mara mbili Neema alirudi akakuta mtoto amelia chumbani mpaka sauti imekauka, bibi yuko jikoni anamenya vitunguu kwa amani zake.

Neema aliniambia bila kupepesa: "Kaka, masikio yakishindikana, Mama ataenda Buffalo kwa kaka yangu. Mtoto nitampeleka daycare. Simchukii, lakini siwezi kufanya kazi na moyo mkononi."

Bibi hakusikia hayo, lakini alijua. Alikuwa amemshika yule mtoto kama mtu aliyeshika tiketi yake ya mwisho.

Hospitali ilikuwa na hearing aid za kuazimisha. Unajaribu wiki kadhaa, usipozitumia anapewa mwingine aliye kwenye foleni. Daktari akampima, akamwekea, kisha akaniachia maelekezo.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa mgeni kazini, nataka nionekane msomi. Nikasimama kama mchungaji wa mkesha: zisiguse maji, zisisogee kwenye moto, mtoto asizishike, zikipotea hatuna nyingine. Bibi akaitikia kwa heshima zote. Nikajipongeza.

Aliporudi, daktari akachomeka zile hearing aid kwenye kompyuta. Kumbe zinahesabu zenyewe saa zinazowashwa. Zake zilikuwa zimefanya kazi kama saa mbili kwa wiki.

"Hazitaki," daktari akasema. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Kuna watu wanasubiri."

Neema akatazama dirishani. Nikaona Buffalo inakaribia.

Nikainama kwenye sikio la bibi, nikamuuliza anaziweka wapi. Akafungua mkoba. Akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo pamba, ndani ya pamba soksi ya mtoto, ndani ya soksi ndiyo zenyewe zilikuwa zinalala.

"Bon, mwana yangu," akasema kwa Kiswahili chao, ambacho "njo" ni "ndiyo". "Ulisema zisiguse maji, zisiguse moto, mutoto asishike. Kwetu kuko maji, kuko moto, kuko mutoto. Njo nikazifunga. Siku ya Mungu njo navaa."

"Kanisani kwenye ngoma zote zile?" Neema akauliza kwa sauti ya juu.

"Ngoma zikianza natoa."

Wakuu, nilitamani kuingia kwenye lile kopo nifunikwe.

Nikamgeukia daktari nikamwambia kosa si la bibi, ni la mdomo wangu. Nikaomba wiki mbili. Akanitazama, akasema wiki mbili, ya tatu hakuna.

Nikaapa huyu bibi haendi Buffalo kwa sababu ya hotuba yangu.

Kwa ruhusa ya daktari na ya Neema, nikawa nampigia bibi kila asubuhi saa tatu. Hesabu ilikuwa rahisi: bila hearing aid, simu ataiona ikiwaka na kupokea, ila maneno hatayasikia. Na nisimuulize jambo la kujibiwa ndiyo, maana wazee wetu kwenye simu ni ndiyo tupu.

Siku ya kwanza: "Mama, leo mnapika nini?"

"Ndiyo, Mungu asifiwe."

Kopo.

Siku ya pili nikamuuliza mtoto kaamka saa ngapi. "Ndiyo, na weye pia." Kopo. Nikampigia Neema kazini wakati wa break, jioni akamvalisha mwenyewe, akamwambia vitunguu vimenywe na masikio yakiwa yamevaliwa.

Siku ya nne bibi akapokea, nikamuuliza tena wanapika nini.

"Tunapika sombe. Na weye unakula nini? Neema anasema unaishi peke yako sawa paka."

Sombe ndiyo kisamvu chetu. Nimetaniwa sana maishani, ila sijawahi kufurahi hivyo.

Tangu hapo akawa ndiye ananihoji mimi. Nimefua lini, kwa nini sioi, kwa nini Jumamosi sitoki. Nikaanza kujuta kumpa masikio, lakini sikuacha kupiga.

Wiki mbili zikaisha. Neema akabaki korido na mtoto, sisi watatu tukaingia, mlango ukafungwa. Kompyuta ikaonyesha kuwa wiki ya mwisho alizivaa saa kumi na moja kwa siku. Daktari anauliza kama mashine ina hitilafu, mimi nabisha, tunasemezana juu ya skrini.

Bibi akasimama, akafungua mlango.

"Mutoto analia," akasema.

Daktari na mimi hatukuwa tumesikia kitu. Mtoto alikuwa mwisho wa korido. Bibi akamfuata huko huko, Neema akamkabidhi mtoto, akaja kwetu akauliza, "Nasaini wapi abaki nazo?"

Wakuu, nilichojifunza: mtu akipewa kitu kizuri, usianze na orodha ya kumtisha. Mwambie kwanza akivae, akichakaze. Kikiharibika tutazozana mbele ya safari.

Wakaa sofa wenzangu, na nyie mlioko Louisville na Buffalo: mzee wako amefungia nini kabatini ambacho kingemsaidia leo? Miwani, meno, fimbo? Na mlikitoaje huko? Leteni, mimi sina pa kwenda.