Posa ya Priscila na Glasi Kumi na Mbili

Bizimana alirudi kijijini kwao Keza kutoka Mwanza akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata kabichi, kopo la chuma la kutikisia vinywaji, na imani kwamba binadamu hajakamilika mpaka aijue Negroni, ile pombe nyekundu chungu ya Waitalia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ya hoteli moja kando ya ziwa. Kusema kweli hakukaa. Alisimama, na ndiyo maana miguu yake ilikuwa imevimba kama viazi vya msimu mzuri.

Kijijini walimwita "mzee wa baa," kwa sauti ileile wanayomwitia mwizi wa kuku aliyetubu. Hiyo ni dhuluma, na isemwe wazi. Mtu akikaa chuoni miaka mitatu akatoka na karatasi, anaitwa msomi hata kama hajui kuwasha jiko. Mtu akijifunza kazi kwa miaka ishirini na miwili, akajua ndimu ipi ina maji na ipi ina maneno tu, anaitwa mlevi. Na Bizimana hakuwa mlevi. Mkuu wake wa kaunta, marehemu Bonaventura, alimfundisha siku ya kwanza kwamba mhudumu anayekunywa mbele ya wageni ni kama padri anayetafuna hostia katikati ya mahubiri. Basi alionja kwa ncha ya kijiko, akatema. Usiku alikwenda kulala. Alikuwa amechanganya vinywaji vya kuzamisha mtumbwi, na tumboni mwake hakikuwa kimeshuka hata cha kulowesha kitambaa.

Alichokunywa ni historia. Akiwa anapalilia migomba alimsimulia yeyote aliyepita njiani, hata kama mpitaji alikuwa na haraka ya kwenda zahanati. Alieleza jinsi Waingereza kule India walivyotakiwa kunywa kwinini kwa ajili ya malaria, wakaiona chungu mno, wakaitia sukari, maji yenye gesi na gini, na leo mabwana wanalipia dawa ya malaria wakiwa wazima wa afya. Alieleza Daikiri, ambayo inasimuliwa kwamba ilizaliwa Kuba, kwenye mgodi wa chuma, pale mhandisi wa Kimarekani alipoishiwa gini wageni wakiwa mlangoni. Akachukua ramu ya wenyeji, ndimu na sukari, akatikisa.

Ramu ya wenyeji, jamani. Dunia nzima inaiinua juu leo na kutakiana afya, na sisi ya kwetu ya ndizi tunaiita pombe ya kienyeji na kuificha jikoni akija mgeni mwenye tai. Bizimana mwenyewe aliyasema haya kwa uchungu, jembe likiwa hewani, kisha akaenda kufanya kosa hilohilo kwa binti yake.

Binti huyo, Priscila, alikuwa amependana na Niyonzima, mwalimu wa sekondari kule Biharamulo ambaye kwao ni Nyakisasa. Ukoo wa Niyonzima ulituma ujumbe kwamba utakuja Jumamosi kuposa. Bizimana alipopata habari hakuuliza wanakuja wangapi wa kulala. Aliuliza wangapi wa kunywa. Akaambiwa kumi na wawili.

Alhamisi akapanda bodaboda mpaka Ngara mjini, dukani kwa Raya binti Yunusu, ambaye babu yake alitoka pwani na chumvi akabaki na duka. Raya hakuwahi kugusa pombe maishani, lakini friza yake ndiyo iliyokuwa ya kuaminika. Bizimana akaagiza barafu ya kuchukuliwa Jumamosi asubuhi, na ndimu arobaini.

"Arobaini, mzee wangu?" Raya akauliza. "Unaoza mtoto au unaosha samaki?"

Bizimana akamweleza habari za Negroni, kwamba bwana mmoja mkubwa wa Italia, kama wanavyosema, alichoka na kinywaji chake chepesi, akaomba soda itolewe na gini iwekwe. Raya akamsikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba Italia ni mbali, na kwamba angekuwa yeye angewauliza kwanza wakwe wanapenda nini. Bizimana akamhurumia.

Mkewe, Agripina, alimwambia lilelile nyumbani kwa maneno machache zaidi. Alimkumbusha kwamba wageni wa posa huja na mtungi wao wa pombe ya ndizi, na mtungi huwekwa katikati, mirija ya matete ikachomekwa, na watu wakanywa pamoja. Bizimana akasema anajua. Alijua kweli. Aliijua desturi hiyo kama Baba Yetu. Mtungi utanywewa, alisema, ila kwanza wageni wa mwalimu wakaribishwe kwa heshima inayolingana na elimu ya kijana wao. Chupa tatu alizopewa na hoteli siku ya kuagwa, ile ya pombe nyekundu chungu ya Negroni ikiwemo, alikuwa amezitunza mwaka mzima chini ya kitanda kwa siku kama hiyo.

Jumamosi saa nane mchana pikipiki zikaingia uani. Ya mbele ilibeba mtungi uliofungwa kwa mipira ya baiskeli na kuzibwa kwa majani ya mgomba, na nyuma ya mtungi, akiwa ameukumbatia kama mtoto mgonjwa, alikuwepo mshenga wao, Mzee Ndikuriyo. Shikamoo zikatolewa, marahaba zikaitikiwa, wageni wakaketi. Mtungi ukawekwa karibu na mlango.

Bizimana akatoka chumbani na sinia.

Hapo ndipo jambo lilipoharibika, na kilicholiharibu ni mwili wake, si akili. Mkono uliposhika sinia, mgongo ulinyooka wenyewe. Kitambaa kikapanda mkononi. Akaupita mtungi wa watu kama unavyopita kiti kitupu, akagawa glasi kumi na mbili za Negroni, kila moja na ganda lake la ndimu kwa kuwa machungwa hayakupatikana, kisha akarudi nyuma hatua tatu, akaunganisha mikono mgongoni, akasimama. Baba wa binti, kwenye sebule yake mwenyewe, alisimama ukutani kama mtu anayesubiri kuitwa.

Hakuna aliyekunywa.

Barafu ililia kidogo kwenye glasi. Marsiana, shangazi wa bwana harusi, akachovya kidole, akakilamba.

"Ni chungu," akasema. Hakumwambia Bizimana. Alimwambia Ndikuriyo.

Ndikuriyo akaiweka glasi yake chini sakafuni, taratibu, kama mtu anayeweka nyoka bila kujua kama amekufa.

"Mwenye nyumba, ya kwako iko wapi?"

"Mimi nahudumia, mzee."

"Nimeishi miaka mingi," Ndikuriyo akasema. "Nimekunywa hata katika nyumba za watu walionichukia. Nao walionja kwanza."

Bizimana akasikia jasho likishuka ndani ya shati lake la pasi. Alielewa yote kwa mara moja: kila mtu amepewa glasi yake kama watu waliogombana, kinywaji ni chekundu na kichungu, mtungi wao umeachwa mlangoni, na mwenye nyumba hataki kukigusa anachowapa wageni. Wakisimama sasa, posa imekufa, na Priscila ataitwa binti wa nyumba yenye sumu kuanzia Keza mpaka Murukulazo. Alielewa, na bado miguu ilikataa kusogea.

Priscila alikuwa nyuma ya pazia, mahali ambapo anayeposwa hutakiwa kukaa kimya.

"Baba, onja," akanong'ona.

"Kazini hainywewi," Bizimana akanong'ona pia, bila kugeuka.

"Baba, hapa si kazini. Hapa ni kwetu."

Sebule nzima ilisikia. Agripina akafumba macho. Marsiana alikuwa tayari ameshaokota mkoba wake.

Bizimana akatoa kitambaa mkononi, akakitupa juu ya kabati. Akaenda mlangoni, akaubeba mtungi mwenyewe, ukamlemea, akauweka katikati ya miguu ya watu. Akaufungua. Kisha akapita kwa kila mgeni, akachukua glasi yake, akaimwaga mtungini, moja baada ya nyingine, zote kumi na mbili, barafu na maganda pamoja.

"Wazee wangu," akasema, "nimekosa. Nimewaonyesha mjukuu nikamficha babu. Kabla ya vinywaji hivi vya glasi kulikuwa na kimoja kinaitwa panchi. Mabaharia walikitoa India. Kilichanganywa ndani ya bakuli moja kubwa, na watu wote wakalizunguka. Hata Wazungu walianza hivyo. Glasi zilikuja baadaye, walipoanza kuogopana."

Akachomeka mrija, akapiga magoti kwenye suruali yake nzuri, akavuta. Alivuta kwa muda mrefu, kama mwenye deni la miaka ishirini na miwili. Pombe ya ndizi ya Nyakisasa na Negroni ya Italia zikakutana ndani yake bila kujuana.

Ndikuriyo akamtazama mpaka alipoona koo limemeza. Ndipo akachukua mrija wake. Akavuta, akafikiri, akavuta tena.

"Inapigana," akasema, "lakini inapatana."

Mirija ikazunguka. Marsiana akarudisha mkoba chini. Ndikuriyo akasimama, akataja mababu saba wa Niyonzima, akaomba rasmi mche wa kupanda katika shamba lao. Ilikuwa sasa zamu ya baba kujibu, na kila mtoto wa huku anajua baba hujibu nini. Husema hapa hakuna msichana, mmepotea njia. Huombwa, hukataa, huombwa tena.

Bizimana akainuka, akashika kiti asiyumbe. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Mchukueni," akasema. "Ni mtoto mzuri. Mwalimu naye ni mzuri. Ninyi nyote ni wazuri."

Agripina akamvuta shati. Ndikuriyo akashtuka kuliko alivyoshtuka kwa glasi.

"Hapana, mzee mwenzangu. Hatukuja kuokota mtoto barabarani. Utukatae kwanza."

Bizimana akajitahidi. "Basi, hatuna msichana." Pazia likakohoa. "Tunaye," akajirekebisha, akakaa.

Wageni wakatazamana. Kuchukua binti bila kukataliwa kwanza ni aibu ambayo ukoo huibeba vizazi, na mwenye kukataa alikuwa sasa anaubembeleza mguu wa meza. Ndikuriyo akakuna kichwa, akageukia upande ambao kwa desturi mshenga hageukii.

"Mama Priscila," akasema, "tusaidie. Tukatae wewe."

Hakuna aliyekumbuka siku ambayo mwanamke aliifanya kazi hiyo Keza, na hakuna aliyeona sababu ya kuikumbuka. Agripina alikaza kitenge chake, akavuta kiti mpaka mbele ya mtungi, akakaa. Akawakataa. Aliwakataa kwa sababu ya umbali wa Biharamulo, kwa mshahara wa ualimu, kwa babu wa tano ambaye inasemekana aliwahi kugombea mpaka wa shamba, na kwa namna walivyoufunga mtungi. Ndikuriyo alijibu hoja moja moja, jasho likimtoka, akiwa na furaha ya mtu aliyefika kwenye nyumba yenye watu. Marsiana alimnong'oneza jirani yake kwamba huyu mama angefaa ubunge.

Saa kumi na moja na nusu Agripina aliishiwa sababu, akakubali.