Mkuku wa Mashua ya Bwana Mdachi

Nakiri mwenyewe, maana walioniona ni wengi. Mashua ya Bwana Mkubwa Mdachi ilikuwa ikikwama topeni katika bwawa la Bahi, akaniuliza kama tuukate mkuku, ule ubao mrefu wa chini. Hapa Ugogo kila mtu wa pwani huhesabiwa fundi wa vyombo, nami kusema sijui kulinishinda.

“Una hakika?” aliuliza Chilewa, askari mshika kiboko. “Ukikosea, matako yako ni yangu.”

“Nimezaliwa ufukweni, ndugu yangu!”

Nikaukata. Kwa haki, mashua ilielea vizuri mpaka tanga lilipopandishwa, ndipo ikapinduka. Tena upepo ulikuwa mdogo, sitausingizia. Bwana Mkubwa aliibuka na tope masharubuni.

“Fundi, huko pwani uliunda nini?”

“Vitanda, Bwana.”

Chilewa akakunjua kiboko. “Navyo hupinduka?”